Wasomaji Wauliza: Mtoto Anayegombewa Msituni

Barua tunazozijibu katika toleo hili zimeandikwa Kigoma na Tabora, na zote zinahusu picha moja, jambo ambalo sikumbuki kama limewahi kutokea katika safu hii. Barua ya kwanza tuliichapisha kwa ufupi mwezi uliopita pamoja na picha iliyopigwa kwa simu. Zilizobaki ni za wasomaji walioitazama picha hiyo na kutaka kujua zaidi.

*Shikamoo Mwalimu. Nilinunua mitumbani boksi lenye picha ya vipande elfu moja, zile ambazo mtu huunganisha kipande kwa kipande mpaka picha itimie. Mfuniko ulikuwa umechanika na jina la picha likaenda na upande uliochanika. Lilibaki neno moja tu, "Oberon". Mimi na wanangu tumeiunganisha kwa wiki tatu juu ya ubao, na vimepungua vipande sita. Ni msitu wakati wa usiku. Katikati wapo mwanamume na mwanamke wanaokabiliana, kuna mtoto mdogo, na kila pembe imejaa watu wadogo wadogo, wengi wao bila nguo. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Kasulu. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hayo ni majini na ubao utoke sebuleni. Sasa upo nyuma ya kabati, umegeuzwa ukutani. Naomba unieleze hii ni picha gani, mtoto ni wa nani, na kama mama anasema kweli.* (Mama wa watoto watatu, Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mama. Neno moja lililonusurika kwenye mfuniko limetosha. Mliyoiunganisha ni picha inayoitwa Ugomvi wa Oberon na Titania, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta mwaka 1849 na Joseph Noel Paton, Mskoti aliyezaliwa katika mji wa Dunfermline mwaka 1821, na ambayo siku hizi ni mali ya nyumba ya sanaa ya taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Oberon ni mfalme wa vichimbakazi, yaani viumbe wa ngano za Kiingereza wenye umbo la watu na nguvu za ajabu, na Titania ni malkia wake, na wote wawili wanatoka katika tamthiliya ya Shakespeare ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, iliyoandikwa yapata mwaka 1595 au 1596 na kuchapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1600.

Kabla ya hadithi yenyewe, ningependa mfahamu ukubwa wa picha hiyo, kwa sababu ubao wenu unaweza kuwadanganya. Picha halisi ina sentimita 99 kwenda juu na sentimita 152 kwenda pembeni, yaani inakaribia upande mmoja wa kanga ukiutandaza kitandani. Lewis Carroll, mwandishi wa visa vya Alice, aliiona huko Edinburgh mwaka 1857, akawahesabu vichimbakazi waliomo na kuandika katika shajara yake kwamba wamefika 165. Jaribu kufikiria watu 165 ndani ya upande mmoja wa kanga, pamoja na miti, maua, uyoga na sanamu ya Pan, mungu wa Kigiriki wa misitu mwenye miguu ya mbuzi, halafu utaona kwa nini imewachukua wiki tatu.

Wala mfano wa kanga sikuuchagua kwa ajili ya vipimo peke yake. Dunfermline ulikuwa mji wa wafumaji, na baba yake Paton alikuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa vya damaski. Paton mwenyewe, alipokuwa kijana, alifanya kazi ya kubuni nakshi katika kiwanda cha vitambaa vya melimeli mjini Paisley. Mtu aliyelelewa na nakshi huwa haachi mahali patupu. Ndiyo sababu kila mlipodhani mmefika kwenye giza la kawaida la msitu, ambapo vipande vyote hufanana na mtu huunganisha kwa kubahatisha, mlikuta uso mwingine unawatazama kutoka nyuma ya jani.

Sasa nije kwa mtoto, kwa maana huyo ndiye aliyeniweka macho usiku nilipokuwa nikiiandaa barua yako. Ugomvi wote unamhusu yeye. Titania analea mtoto wa kiume kutoka India, naye Oberon anamtaka ili amfanye mtumishi katika msafara wake. Titania anakataa, na tangu hapo mfalme na malkia hawawezi kukutana msituni, penye chemchemi wala chini ya nyota bila kugombana. Lakini ukiuliza mtoto huyo alifikaje kwa Titania, tamthiliya inakupa majibu mawili yasiyopatana. Puck, mtumishi mtundu wa Oberon, anasema kwamba mtoto aliibwa kutoka kwa mfalme wa India. Titania anasimulia kisa kingine kabisa: mama yake mtoto alikuwa mfuasi wake na rafiki yake, na jioni walikuwa wakikaa pamoja kwenye mchanga wa pwani wakitazama merikebu za wafanyabiashara, wakicheka jinsi tanga lilivyojaa upepo na kutuna kama tumbo la mjamzito, na mama huyo, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto huyu, aliigiza mwendo wa tanga hilo, akitembea juu ya mchanga kwa maringo na kurudi na vitu vidogo vidogo mkononi kana kwamba ametoka safari na shehena. Mtu yeyote aliyekaa Kibirizi na kuona matanga yakirudi ataielewa picha hiyo bila kufafanuliwa. Kisha Titania anamalizia kwa maneno machache: rafiki yake alikuwa mwanadamu, akafa kwa uzazi, na kwa ajili yake anamlea mwanawe, na kwa ajili yake hataachana naye.

Yupi anasema kweli, Puck au Titania? Shakespeare hakuamua. Na jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui ni kwamba mtoto mwenyewe haonekani jukwaani katika maandishi ya tamthiliya: hana neno hata moja la kusema, wala hakuna maelekezo yanayosema aingie. Anagombewa na watu wawili wakubwa mbele ya hadhira isiyomwona. Waongozaji wengi wa michezo wamemleta jukwaani kwa uamuzi wao, na Paton naye amefanya hivyo kwa brashi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ulipo ujasiri wa picha hii kuliko katika wingi wa vichimbakazi wake, kwa sababu mchoraji akishamweka mtoto kati ya wanaogombana, ugomvi hauwezi tena kutazamwa kama mzaha wa wafalme wa hewani. Unageuka kuwa kesi ya malezi, na kesi za namna hiyo tunazijua: marehemu ameacha mtoto, rafiki yake amempokea na kumnyonyesha kwa chupa, kisha anatokea mwanamume mwenye cheo na kusema, "Huyo nipe mimi."

Halafu tazama lile kundi lote linalowazunguka. Nimewasikia watu wakisema ni pambo tu, na kusema kweli sehemu yake ni pambo. Hata hivyo katika tamthiliya, dakika chache baada ya kukutana na Oberon, Titania anatoa hotuba ndefu akieleza madhara ya ugomvi wao kwa nchi: pepo zimekasirika na kunyonya ukungu kutoka baharini, mito imefurika na kuvunja kingo zake, ng'ombe amevuta nira bure, mkulima ametoka jasho la bure, nafaka imeoza ikiwa bado mbichi, zizi limesimama tupu katikati ya shamba lililozama, na majira yamebadilishana nguo mpaka watu hawajui tena huu ni mwezi gani. Waliomsikiliza mwigizaji wa kwanza akiyatamka hayo walikuwa wametoka kuona miaka ya mvua nyingi na mavuno mabaya Uingereza, kati ya 1594 na 1596, na bei ya chakula ilikuwa imepanda. Wakazi wa kando ya Ziwa Tanganyika, walioona maji yakipanda miaka ya karibuni na kuingia katika nyumba za watu, hawahitaji tafsiri. Nikiisoma picha pamoja na hotuba hiyo, fujo ya wale wadogo, wanaokumbatiana, wanaochokozana na wanaorukiana pasipo yeyote kujali wakubwa wanasema nini, inakuwa na maana: hapo nyumba haina mwenyewe.

Nimgeukie mama mkwe, ambaye nampa heshima zangu zote kwa sababu alitazama kwanza ndipo akasema. Hakukosea sana. Vichimbakazi wa imani za zamani za Uingereza hawakuwa viumbe vya kupendeza vya kwenye kadi za pongezi. Watu wa vijijini waliwaogopa, wakiamini kwamba huiba watoto na kuacha viumbe wengine mahali pao, huharibu maziwa na kuwapoteza wasafiri wa usiku. Puck mwenyewe anajisifu kwa baadhi ya mambo hayo. Ila picha hii haikuchorwa kwa ajili ya kuabudiwa wala kuitwa kitu chochote. Ilichorwa na mtu aliyesoma tamthiliya ya kuchekesha na kutaka tuione.

Kuhusu uchi sitamtetea Paton kupita kiasi. Wakati wa Malkia Victoria, mchoraji aliyemchora mwanamke wa mtaa wa pili bila nguo angezua kashfa, lakini akimwongezea mabawa ya kipepeo na kumpunguza awe saizi ya kidole, mabwana na mabibi walimiminika kumtazama mchana kweupe pamoja na watoto wao. Ulikuwa ujanja, na kila mtu aliujua. Haikumzuia Paton kuteuliwa mchoraji wa Malkia huko Scotland mwaka 1866 na kupewa cheo cha heshima cha Sir mwaka uliofuata. Ubao wenu unaweza kukaa chumba cha ndani mpaka mama atakaporejea Kasulu. Nyumba ni yake pia akiwa mgeni wenu.

*Mwalimu, nafundisha fasihi katika sekondari moja ya hapa Tabora. Wanafunzi wangu wa kidato cha tano walikuwa wamekubaliana kuigiza sehemu za tamthiliya hiyo kwenye mahafali. Tuna ukumbi, taa mbili na fedha za kununua vitambaa kidogo. Sasa wameona picha katika gazeti lako na wamekata tamaa: viumbe wa kulala ndani ya ua tutawatoa wapi? Wanataka wabadilishe tamthiliya.* (Mwalimu wa fasihi, Tabora)

Mwalimu mwenzangu, waambie wasibadilishe, na uwasomee kwanza kile sehemu ya mafundi inachosema, kwa sababu Shakespeare alikwisha kulicheka swali lao. Humo mna mafundi wa mji wa Athens, yaani mfumaji, seremala, mshonaji, fundi mivukuto na wenzao, wanaotaka kuigiza kisa cha wapenzi wawili mbele ya Mtawala Theseus siku ya harusi yake, nao wanakwama palepale walipokwama vijana wako. Mwanga wa mwezi wataupataje ndani ya ukumbi? Wanaleta kalenda kuangalia kama mwezi utakuwepo usiku huo, na mmoja anapendekeza dirisha liachwe wazi ili mwezi uingie wenyewe. Na ukuta unaowatenga wapenzi hao je? Mwishowe wanaamua mtu mmoja abebe taa na kusema, "Mimi ni mwezi," na mwingine apakwe chokaa asimame na kusema, "Mimi ni ukuta," akitanua vidole viwili ili wapenzi wanong'onezane katika ufa. Hadhira hucheka mpaka basi, lakini hadhira hiyo hiyo, mapema katika tamthiliya, imekwisha kuamini kwamba kijana mwenye kimo cha kawaida ni kichimbakazi asiyeonekana, kwa sababu tu amesema hivyo.

Katika siku za Shakespeare wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika majukwaa ya London. Titania alikuwa mvulana, na jukwaa halikuwa na mandhari ya msitu kama tunayoijua leo. Udogo wa vichimbakazi ulikaa katika maneno. Tunaambiwa kwamba Oberon na Titania wakigombana, watumishi wao huingia kujificha ndani ya vikombe vya kokwa za mwaloni. Titania anawaagiza watumishi wake wapigane na popo ili ngozi ya mabawa ishonewe makoti ya vichimbakazi wadogo, wavunje nta ya miguu ya nyuki iwe mishumaa na kuiwasha kwa macho ya vimulimuli, na wang'oe mabawa ya vipepeo kuwa vipepeo vya kupungia, kama Kiswahili kinavyotupa neno moja kwa vyote viwili. Tabora ndiyo nchi ya asali. Mwanafunzi gani wa huko hajaona nta ikitolewa mzingani? Mpe Titania mistari hiyo, mwache aiseme polepole akitazama kiganja chake, na hadhira yako itawaona wadogo hao bila kuhitaji waya wala mabawa ya karatasi. Majina ya watumishi wenyewe yanasaidia: Ua la Njegere, Utando wa Buibui, Nondo na Mbegu ya Haradali.

Picha ya Paton ilizaliwa katika zama zilizokuwa zimekosa subira na maneno. Baada ya Shakespeare, tamthiliya hii ilipitia mikono mingi. Samuel Pepys, Mwingereza anayekumbukwa kwa shajara yake, aliiona mwaka 1662 na kuandika kwamba hajawahi kuona mchezo wa kipuuzi na usio na ladha kama huo, na hatautazama tena. Baadaye ilikatwakatwa na kugeuzwa kuwa michezo ya kuimba, mpaka mwaka 1840 Madame Vestris, mwigizaji na msimamizi wa ukumbi, alipoirudisha katika ukumbi wa Covent Garden, London, ikiwa na maneno mengi ya Shakespeare mwenyewe, naye akaigiza nafasi ya Oberon. Mwaka 1856 Charles Kean, mwigizaji na msimamizi wa ukumbi, aliionyesha kwa fahari kubwa katika ukumbi wa Princess's, na Puck alikuwa msichana wa miaka tisa, Ellen Terry, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waigizaji mashuhuri sana wa Uingereza. Hizo zilikuwa zama za taa za gesi, mitambo na vichimbakazi wengi wa kucheza ngoma. Hata hivyo kuna kitu ambacho fundi wa jukwaa, hata awe na fedha kiasi gani, hawezi kukifanya: kumweka mtu mzima na mtu mwenye kimo cha punje ya mahindi bega kwa bega. Mchoraji anaweza. Oberon na Titania wa Paton wana maumbo ya watu wazima, halafu wanaowazunguka wanapungua, wanapungua, mpaka wengine wanatoshea katika ua. Kwa hiyo wanafunzi wako wasijilaumu kwa kushindwa kufanya ambalo hata Kean lilimshinda.

Na kama watahitaji mfano wa waigizaji waliokataa mapambo, wasimulie habari za Peter Brook, aliyeiongoza tamthiliya hii mjini Stratford mwaka 1970 ndani ya chumba cheupe kitupu, bila mti hata mmoja, vichimbakazi wakining'inia kwenye bembea za sarakasi. Bembea msijaribu, chumba cheupe mnaweza.

Jambo moja la pembeni, kwa kuwa barua imetoka Tabora. Julius Nyerere, aliyesoma katika Shule ya Tabora na kufundisha St. Mary's katika mji huo huo, ndiye aliyemfanya Shakespeare azungumze Kiswahili kwa wengi wetu, na mojawapo ya tafsiri zake, Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969, ni ya tamthiliya inayohesabiwa kuwa ramsa, yaani tamthiliya ya kuchekesha, ingawa Shylock, mkopeshaji wa fedha aliyemo, hacheki mwishoni. Vijana wako wakitaka kutafsiri kurasa chache za Ndoto ya Usiku wa Kiangazi badala ya kuziigiza kwa Kiingereza, watakuwa wanafuata njia iliyokwisha kusafishwa. Watahadhari tu na hilo neno kiangazi: kwa Waingereza usiku wenyewe ni wa mwishoni mwa Juni, mfupi na wenye joto la kupendeza, ilhali Juni ya Tabora mtu hutafuta sweta.

*Kama ni ugomvi, mafuriko na mtoto yatima, kwa nini iitwe tamthiliya ya kuchekesha?* (Msomaji, Urambo)

Kwa sababu ramsa haitambulikani kwa mwanzo wake. Tamthiliya hii inaanza na baba anayetaka binti yake auawe kisheria akikataa mume aliyechaguliwa, na inaishia kwa ndoa tatu. Katikati, Oberon anaamua kumwadhibu mkewe: anamtuma Puck alete ua dogo lililopigwa na mshale wa Kupido, mungu wa mapenzi wa Warumi, ambalo lilikuwa jeupe likageuka zambarau, na utomvu wake ukitiwa katika macho ya aliyelala, akiamka atampenda kiumbe wa kwanza atakayemwona. Puck naye, kwa mzaha wake, amemgeuza mfumaji mmoja kichwa kikawa cha punda. Titania anaamka, anamwona punda huyo akiimba, na kumpenda. Malkia anamshikilia punda na kumvika maua kichwani, na punda anaomba akunwe na aletewe nyasi kavu. Hapo hata msomaji mwenye moyo mgumu hucheka, pamoja na kwamba, ukifikiri vizuri, alichofanyiwa Titania ni kitendo kibaya sana.

*Kwa nini Mwalimu unang'ang'ania neno "vichimbakazi"? Hapa kwetu Ujiji tungesema majini, au mizimu. Hilo lako silisikii mtaani.* (Mzee wa Ujiji)

Shikamoo mzee. Ni kweli halisikiki sana mtaani, nami nimelichukua kamusini kwa sababu hiyo hiyo. Jini ni neno la dini. Waislamu wanajua majini ni viumbe wenye hukumu zao, na wametajwa katika Kurani mpaka wakapewa sura, kwa hiyo nikimwita Oberon jini nitakuwa nimemwingiza mahali asipohusika. Mzimu ni wa aliyekufa, na Oberon hajafa wala hatakufa. Mwenyewe anamkanusha Puck anapomfananisha na mizimu inayokimbia kurudi makaburini alfajiri, akisema kwamba wao ni roho za namna nyingine na wanaruhusiwa kucheza na asubuhi. Zimwi anakula watu, chunusi anavuta waogeleaji. Neno lisilo na mzigo mkubwa ndilo linalofaa kubebeshwa mgeni. Kasoro yake naiona: mwisho wake wa "-kazi" unamfanya msomaji afikirie wanawake, ilhali huyu ni mfalme mwenye wivu na ndevu. Ukipata bora zaidi, niandikie.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtoto wa yule mama wa Mwanga aliyekuandikia. Nipo darasa la sita. Mimi nimehesabu 93 tu. Je, mwishoni Oberon alimpata yule mtoto?* (Mwanafunzi, Mwanga, Kigoma)

Marahaba, mjukuu wangu. Alimpata. Titania alipokuwa bado analevywa na lile ua, Oberon alimkuta akimtafutia punda wake zawadi msituni, akamsimanga, kisha akamwomba mtoto, naye Titania akampa palepale bila kubisha na kumtuma kichimbakazi wake ampeleke kwa Oberon. Ndipo Oberon akamhurumia mkewe, akamfungua macho, na mfumaji akarudishiwa kichwa chake. Mfalme na malkia wakapatana na kucheza ngoma pamoja. Mtoto hatajwi tena mpaka mwisho wa tamthiliya, na mimi ningependa sana Titania angeulizwa habari zake alipoamka.

Mapatano hayo Paton aliyachora pia, na cha kushangaza ni kwamba picha ya mapatano ilitangulia hii ya kwenu: aliimaliza mwaka 1847, ikashindanishwa London katika ukumbi wa Westminster pamoja na picha yake ya Yesu akibeba msalaba, na zote mbili zikampatia zawadi ya pauni 300. Picha hizo mbili za Oberon na Titania ziko katika nyumba ile ile ya sanaa Edinburgh, na kuzitazama hakuna kiingilio.

Kuhusu hesabu yako, rudia kwa kuanzia pembe ya chini na kupanda taratibu, ukimpa kila mmoja punje ya mchele ili usimhesabu mara mbili, na usisahau walio ndani ya maua. Carroll alipata 165, lakini yeye hakuwa na mapengo sita.